Siku za Kungoja Gilgali

Jambo tutakalozungumza leo huwatia watu haya, hasa likitajwa mbele ya wakwe. Hata hivyo Biblia hailionei haya, na sisi tukilinyamazia, watu wataendelea kuumia vyumbani mwao kimya kimya. Ni habari ya mwanamume mtu mzima aliyetahiriwa, na siku zile zinazofuata baada ya kisu.

Tufungue Kitabu cha Yoshua, mlango wa 5. Israeli wamevuka Yordani siku ya kumi ya mwezi wa kwanza. Yeriko iko mbele yao, na wafalme wa nchi ile wameingiwa na hofu kuu. Jemadari yeyote wa dunia hii angesema, piga sasa, adui angali anatetemeka! Lakini Yoshua anaamriwa kutengeneza visu vya mawe na kuwatahiri wanaume wote waliozaliwa jangwani, wakiwamo watu wazima wenye wake na watoto. Jeshi zima linalala chini, karibu kabisa na mji wa adui. Habari yenyewe inaeleza wazi kwamba hawakuondoka mahali pao kambini mpaka walipopata nafuu. Siku ya 14 wakala Pasaka hapo hapo Gilgali. Vita vya Yeriko vilingoja.

Linganisheni na habari ya Shekemu katika Mwanzo 34. Huko wanaume wa mji mzima walitahiriwa kwa hila ya wana wa Yakobo, na siku ya tatu, walipokuwa katika maumivu, Simeoni na Lawi wakaingia na panga wakawaua. Aliyeandika habari hiyo alilijua jambo ambalo kila muuguzi analijua, kwamba mtu mzima aliyetahiriwa hasimami imara kesho yake. Gilgali watu walipewa nafasi ya kulala. Shekemu hapakuwa na mlinzi hata mmoja. (Na mzee Ibrahimu alitahiriwa akiwa na miaka 99! Hatuambiwi alilala siku ngapi, ila tunadhani Sara hakumtuma kuchunga.)

Wazee wetu hapa Kenya nao waliifahamu kazi ya kungoja. Kwa Wakalenjin, vijana walikaa menjo, kibanda cha kutengwa, pamoja na waalimu wao, na hawakuonekana hovyo hovyo vijijini. Kwa Wagikuyu kila kijana alikuwa na mutiiri wake, aliyemshika siku ya kisu na kumwangalia baadaye. Kidonda kilikuwa na mwenyewe, tena kilikuwa na msimamizi. Baadaye shule zilikuja, siku za kutengwa zikafupishwa zitoshee likizo ya Agosti au Desemba, na vijana wengi wakaanza kupelekwa hospitali, wakirudi nyumbani jioni ile ile na bendeji.

Lakini tusiwasifu wazee kupita kiasi. Mwaka 2004 watafiti walifuatilia tohara Bungoma, nchi ya Wabukusu, ambao hutahiri mwezi wa Agosti wa miaka inayogawanyika kwa mbili. Kati ya kila vijana 100 waliotahiriwa kienyeji, 35 hivi walipata madhara. Hao waliokwenda kwa madaktari na zahanati je? Kumi na wanane katika kila 100! Koti jeupe peke yake halikutosha, maana wengi wa watahiri hao walikosa mafunzo na vyombo vya kutosha.

Sasa tuvuke twende Nyanza. Wajaluo kwa desturi hawakutahiri. Alama yao ya zamani ilikuwa kung'oa meno sita ya chini. Basi utafiti mkubwa ulipoanza Kisumu mwaka 2002, vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24 walijitolea, na wale waliotahiriwa hawakuwa na menjo wala mutiiri. Walichokuwa nacho ni daktari aliyefundishwa vyema na tarehe za kurudi: siku ya tatu, siku ya nane, siku ya 30. Waliopata madhara kutokana na upasuaji ule hawakufika wawili katika kila 100. Ukiweka hesabu hiyo kando ya ile ya Bungoma, utaona thamani ya mafunzo na ya mtu anayekungoja urudi akutazame kidonda.

Utafiti ule ulisimamishwa Desemba 2006, pamoja na mwenzake wa Rakai, Uganda, kwa kuwa ilikwisha kudhihirika kwamba tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa virusi vya UKIMWI na mwanamke kwa karibu nusu au zaidi. Kupunguza, wapendwa, si kuondoa. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaikubali tohara kuwa njia mojawapo ya kujikinga, na mwaka 2008 Serikali ya Kenya ikaanza mpango wake, Nyanza ikiwa mbele. Wavuvi, waendesha boda boda, waalimu, baba wa watoto wanne, wote wakapanga foleni.

Hapo ndipo penye shida tunayotaka muisikie leo. Waganga waliwaambia wanaume wangoje siku 42, yaani majuma sita, kabla ya kurudia tendo la ndoa. Ikaonekana huko Nyanza kwamba karibu watatu katika kila kumi hawakungoja. Wengi walirudi katika juma la tatu au la nne, na waliooa ndio walioshindwa zaidi. Tunawaelewa. Nje kidonda kinaonekana kikavu, maumivu yamekwisha, na mke yuko pale pale. Lakini ngozi mpya ingali laini kama ya mtoto, hupasuka upesi, na mahali palipopasuka ni mlango.

Mlango huo hufunguka pande mbili. Rakai walifuatilia pia wanaume waliokuwa na virusi tayari, waliotahiriwa, pamoja na wake zao wasiokuwa navyo. Katika miezi sita ya kwanza, wake za wale waliorudi kitandani mapema waliambukizwa zaidi ya mmoja katika kila wanne. Wake za wale waliongoja, karibu mmoja katika kila kumi. Mume alidhani majuma yale ni yake mwenyewe, kumbe yalikuwa ya mkewe pia.

Mwaka 2010 na 2011 wataalamu huko Nyanza walijaribu kuwatumia wanaume 1,200 ujumbe wa simu au kuwaacha bila ujumbe, ili waone kama utawasaidia. Waliokumbushwa walirudi kliniki kutazamwa katika siku saba za kwanza kwa wingi kidogo: 65 katika 100, badala ya 60. Kuhusu zile siku 42, simu haikuleta tofauti ya maana. Simu yaweza kumpeleka mtu kliniki. Kumtoa kitandani haiwezi.

Tena kuna hatari ya pepopunda. Mwaka 2015 na 2016 Shirika la Afya Duniani liliwakutanisha wataalamu kwa sababu watu kadhaa waliotahiriwa katika nchi za Afrika walishikwa nayo, na baadhi wakafa. Kuna waliopaka kidonda majivu, majani, hata kinyesi cha ng'ombe. Msipake! Maji safi na sabuni vyatosha bendeji ikiisha kutolewa, na nguo ya ndani iliyofuliwa. Damu isiyokoma, usaha, uvimbe unaozidi, homa, au taya kukaza, rudini kliniki siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Nanyi akina mama, bendeji hiyo yawahusu. Mwambieni baba aitie alama siku ya 42 kwenye kalenda ya ukutani, kwa kalamu nyekundu, mbele yenu wote wawili. Ndugu zake nao wamchotee maji na kumbebea magunia siku zile za kwanza.