Sharti la kazi katika Medicaid

Sharti la kazi ni kanuni inayomtaka mtu mzima aliye katika Medicaid, bima ya afya ya umma ya Marekani kwa wenye kipato kidogo, athibitishe kuwa anafanya kazi, anasoma au anajitolea. Bima hiyo ilianzishwa mwaka 1965 bila sharti hilo.

Jimbo la Arkansas ndilo lililotangulia kuwafuta watu katika bima kwa msingi huo, kuanzia mwaka 2018. Wenye umri wa miaka 30 hadi 49 walitakiwa kutimiza saa 80 kwa mwezi. Aliyekosa miezi mitatu alifutwa hadi mwaka uishe. Mwanzoni taarifa zilipokelewa kwa tovuti pekee, nayo, ajabu, ilifungwa kila siku kuanzia saa 3 usiku hadi saa 1 asubuhi. Zaidi ya watu 18,000 walipoteza bima kabla Jaji James Boasberg hajausimamisha mpango huo Machi 2019. Watafiti wa Harvard hawakuona ajira ikiongezeka: karibu walengwa wote tayari walikuwa wametimiza sharti au walistahili kusamehewa. Kilichopimwa hasa kilikuwa uwezo wa kujaza fomu.

Watetezi husema msaada wa umma umsukume mwenye nguvu kujitegemea. Wapinzani hujibu kuwa mara nyingi ni ugonjwa unaomtoa mtu kazini.

Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 inayataka majimbo yaliyopanua Medicaid ili iwafikie watu wazima zaidi kuanza kulitekeleza sharti hilo ifikapo Januari 2027.