Kaseti Zilizochaguliwa na Giza

Ndugu wasikilizaji, leo naomba tuweke kando siasa na bei ya sukari. Jumamosi iliyopita umeme ulikatika mtaani kwetu tangu magharibi hadi karibu na saa sita za usiku. Nikatia betri kwenye redio-kaseti yangu ya zamani, nikavuta boksi la kaseti kutoka chini ya kitanda, nikawa nachomoa moja moja bila kuona kilichoandikwa. Giza ndilo lililonichagulia, na usiku ule lilinisomesha historia.

Kaseti ya kwanza ilikuwa ya Siti binti Saad, iliyonakiliwa kutoka kwenye santuri zilizochakaa hata sauti yake husikika kama mtu anayeimba nyuma ya mvua. Huyu ni binti wa Fumba, Unguja, aliyeuza vyungu kabla ya kujulikana kwa uimbaji. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay, India, kurekodiwa na kampuni ya His Master's Voice. Fikirini jambo hilo, wasikilizaji. Ili Mswahili wa Ng'ambo asikie kwenye gramafoni sauti ya jirani yake, ilibidi sauti hiyo ivuke bahari kwanza, kisha irudi.

Nikatia mkono tena, akatoka Mbaraka Mwinshehe. Gitaa lile halihitaji kutambulishwa. Alianza kuvuma na Morogoro Jazz, akaenda nayo Japani kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970, na mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano. Nyimbo zake tulizinunua katika santuri zilizotoka Nairobi, maana kwetu hapakuwa na kiwanda cha kuzitengeneza. Mbaraka alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa. Kabla yake, mwaka 1965, Salum Abdallah wa Cuban Marimba, naye wa Morogoro, alikuwa amekufa kwa ajali ya gari vilevile. Mji mmoja ulipoteza magwiji wawili kwa namna moja.

Ya tatu ilikuwa ya Marijani Rajabu, Jabali la Muziki, akiwa na Dar International katika wimbo wa Zuwena. Huu sikuununua, niliunasa redioni. Wakati ule Radio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi bendi katika studio yake, nasi majumbani tulikaa kidole kikiwa juu ya kitufe, tukimwomba Mungu mtangazaji amalize maneno yake. Ndiyo maana wengi wetu tuna nyimbo nzuri zisizo na mwanzo. Marijani alifariki Machi 1995. Sauti yake ikabaki katika tepu za redio na katika maboksi kama hili langu.

Ya nne ndiyo iliyoninyima usingizi. Ni NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi iliyoanzishwa mwaka 1964, ikaja kuitwa JUWATA, halafu OTTU, na mwishowe Msondo Ngoma. Wimbo ulikuwa umefika kwenye tarumbeta. Ghafla ikasikika sauti ya mtu aliyekuwa karibu na redio: "We bwana mdogo, usiguse hapo!" Ni kaka yangu, ambaye sasa ni marehemu. Kaseti ile ilikuwa yake, na aliyekuwa akichezea vitufe ni mimi. Hatuna mahali pengine popote tulipohifadhi sauti yake.

Nikangoja aseme tena. Badala yake zikaingia kelele za uwanja wa mpira. Miaka kadhaa baadaye, kwa uvivu wa kwenda dukani kununua kaseti mpya, nilikuwa nimerekodi mechi juu ya kaseti ya kaka. Matokeo ya mechi hiyo siyakumbuki.

Ndugu wasikilizaji, huwa tunalaumu kwamba nchi haitunzi kumbukumbu zake. Lawama hiyo ina haki yake, lakini kila nyumba nayo ina maktaba yake, na mara nyingi anayeifuta ni mwenye nyumba. Joto na unyevu wa Pwani haviihurumii kaseti. Utepe hunata, ukungu huota, panya naye ana sehemu yake. Kabla hujatupa boksi la marehemu mzazi wako, mtafute kijana anayejua kuzihamishia nyimbo kwenye kompyuta. Mwambie asikate maneno ya katikati. Na andika jina la bendi wakati wapo wanaolikumbuka.

Umeme uliporudi nilitafuta bisibisi, nikavunja vile vijino viwili vilivyo mgongoni mwa kaseti, ili asije mtu akarekodi tena juu yake. Nimechelewa miaka mingi. Lakini yale maneno matano ya kaka yangu, safari hii nimeyatii.