Maumivu huvuka barabara: kisa cha daktari kutoka Morisi

Sisi waandishi wa habari tuna sentensi tuliyoizoea mno: "Majeruhi ameumia uti wa mgongo." Nukta, tunahamia habari nyingine. Lakini mmewahi kumwona daktari akimchoma mgonjwa sindano taratibu, mguu huu, kisha ule, akiuliza, "Unasikia?" Pale anaisoma ramani.

Ramani hiyo ina mkono wa mtu wa Bahari yetu ya Hindi. Charles-Édouard Brown-Séquard alizaliwa Port Louis, Morisi, mwaka 1817. Baba yake, nahodha Mmarekani, alikufa kabla hajamwona.

Enzi zake, wataalamu wengi waliamini kwamba hisia hupanda ubongoni kupitia sehemu ya nyuma ya ugwe, yaani ule uzi laini wa mishipa ya fahamu uliomo ndani ya uti wa mgongo. Akiwa Paris, Brown-Séquard aliukata ugwe wa wanyama sehemu hiyo. Bado walisikia maumivu! Akakata nusu ya upande mmoja tu. Kioja: mguu wa upande uliokatwa ulipooza lakini ulisikia maumivu, ule wa pili ulitembea, ila ulikuwa na ganzi.

Maana yake ni kwamba njia hizi mbili hazifuatani. Amri ya kutembea huvuka huko juu, chini ya ubongo, kisha huteremka upande wa mguu wake. Maumivu na joto huingia kwenye ugwe, huvuka karibu palepale, ndipo hupanda.

Wakubwa walibisha. Mwaka 1855 kamati ya wanasayansi ikahakiki, Paul Broca akaandika ripoti: jamaa yuko sahihi. Si kwa yote, maana alidhani hisia zote huvuka hivyo. Leo tunajua mguso mwepesi hupanda upande uleule hadi chini ya ubongo. Hata hivyo, mwaka 1878 alirithi kiti cha Claude Bernard pale Collège de France.

Ujuzi huu ulilipiwa na wanyama waliokatwa na watu waliochomwa visu. Tusiupoteze kwa uvivu wa kalamu. Majeruhi wa namna hii anaweza kuungua maji ya moto kwenye mguu ule ule ambao ndugu wanausifu kuwa mzima. Kwa hiyo safari ijayo sitaishia kwenye "ameumia uti wa mgongo". Nitauliza: upande gani, na ganzi iko wapi?