Pato la Katikati na Makazi ya Nafuu Nchini Marekani

Sheria ya Makazi iliyotiwa sahihi na Rais Franklin Roosevelt mwaka 1937 iliweka msingi wa nyumba za umma Marekani. Kipimo chake kilikuwa kodi yenyewe: pato la mpangaji lisizidi kodi hiyo mara 5, au mara 6 akiwa na watoto 3 au zaidi.

Sheria ya mwaka 1974, iliyotiwa sahihi na Rais Gerald Ford, ilileta kipimo cha namna nyingine, nacho ni pato la jirani. Familia zote za eneo zikipangwa safu moja, kutoka fukara hata tajiri, pato la ile iliyo katikati ndilo kipimo. Hiki si wastani. Neno wastani lina asili ya Kiarabu, na shina lake lina maana ya katikati. Walakini katika hesabu limekwisha kuwa jina la jumla iliyogawanywa sawasawa. Tajiri mmoja akihamia mtaani huupandisha sana wastani, ilhali pato la katikati hulitikisa kidogo tu.

Kwa kanuni, familia ya watu 4 isiyozidi asilimia 80 ya kipimo huhesabiwa kuwa ya pato dogo, na isiyozidi asilimia 50, ya pato dogo sana. Kwa mfano, mfagiaji mwenye dola 40,000 kwa mwaka ni wa pato dogo sana palipo na kipimo cha dola 100,000. Palipo na kipimo cha dola 60,000, si wa daraja hilo. Mshahara haukubadilika; kilichobadilika ni mpaka wa eneo.

Na mpaka huo una uzito. Eneo la Washington hujumlisha mji na wilaya zenye ukwasi, kama Montgomery ya Maryland na Fairfax ya Virginia. Tena, katika nyumba zilizojengwa kwa msamaha wa kodi za serikali wa mwaka 1986, kodi ya pango hukadiriwa kwa asilimia 30 ya kiwango cha pato kilichowekwa, wala si ya pato la mpangaji mwenyewe. Hivyo nyumba yaweza kuitwa ya nafuu kwa haki ya sheria, na mkazi wa mtaa uo huo asiimudu. Kwa Mswahili, nafuu huipata mgonjwa mwenyewe. Katika sheria hizo imepimwa kwa hali ya jirani.