Shahada ya Utawala wa Umma: Mshahara, Mkopo na Deni kwa Wananchi

Kila mwaka vijana wanaojiandaa kuingia chuo kikuu huuliza swali moja: shahada hii italipa? Anayetaka kusoma utawala na sera za umma huulizwa swali hilo kwa ukali zaidi, na wanaomwuliza mara nyingi ni wazazi wake mwenyewe. Mshahara wa mtumishi wa Serikali hauwi siri, na mkopo wa kusomea unafahamika. Si swali la aibu. Mtoto wa mkulima anayekopa lazima apige hesabu, maana wahenga walikwisha sema kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini swali hili lina historia yake, na asiyeijua hupiga nusu ya hesabu tu. Madhumuni ya makala hii ni kuonyesha kwamba deni la msomi wa utawala limebadilika sura mara tatu katika nchi yetu, na kwamba kila sura ilimfundisha msomi jambo tofauti juu ya mshahara wake.

Deni la utumishi

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961, kikiwa chuo kishiriki chenye wanafunzi 13 wa sheria, ndani ya jengo la TANU. Taifa changa lilihitaji haraka watu wa kushika ofisi zilizokuwa zikiachwa na wakoloni. Gharama za masomo zikabebwa na Serikali, na maana yake halisi ni kwamba zilibebwa na pamba, kahawa na katani. Mwanafunzi hakudaiwa hata senti moja, na ajira ilikuwa ikimsubiri. Kwa hesabu ya shilingi, hakuna kizazi cha wasomi kilichopata faida kubwa kuliko kile.

Mwaka 1966 Serikali ilikumbusha kwamba kitu kilicholipiwa na wananchi hakiwezi kuwa bure. Ilitaka wahitimu watumikie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, sehemu kubwa ya muda huo wakifanya kazi za fani zao kwa asilimia 40 ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi waliandamana kupinga. Mwalimu Nyerere aliwafukuza wapatao 400, na wengi wao walirudishwa baadaye.

Wengi hulisimulia tukio hili kama kisa cha vijana wenye kiburi walioadhibiwa. Masimulizi hayo hayajakamilika. Wanafunzi walikuwa wakiwanyoshea kidole viongozi wenye mishahara minono, na katika hilo hawakukosea. Papo hapo Mwalimu alitangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20, na wa mawaziri ukaguswa pia. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha na masharti yake ya uongozi. Fundisho hapa ni wazi: mkubwa hawezi kumdai kijana deni la utumishi iwapo yeye mwenyewe halilipi.

Deni la kazi

Sura ya pili ililetwa na Azimio la Musoma la Novemba 1974. Mwanafunzi alitakiwa kufanya kazi kwanza, kisha aingie chuo kikuu akiwa na mapendekezo ya mahali pake pa kazi na ya Chama. Shabaha ilikuwa kuvunja kasumba ya msomi anayeamrisha watu ambao hajawahi kufanya nao kazi. Kwa anayejifunza utawala, hoja hii ilikuwa na uzito mkubwa. Chuo cha Mzumbe, kilichoanza 1953 kwa kuwafundisha watumishi wa serikali za mitaa za kikoloni, mwaka 1972 kilikuwa kimefanywa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo. Mwaka 2001 kikawa Chuo Kikuu. Kufundisha uongozi kwa mtu aliyekwisha kukaa kwenye ofisi ya wilaya ni kazi tofauti kabisa na kumfundisha aliyetoka darasani.

Hata hivyo tujikosoe. Utaratibu ule uliwarudisha nyuma wasichana wengi, ikabidi kuulegeza kwa upande wao baada ya muda si mrefu. Na panapokuwa na barua ya mapendekezo, hapakosekani mwanya wa kujuana. Nia njema haitoshi bila utaratibu wa haki.

Deni la shilingi

Sura ya tatu ilitokana na dhiki. Bei ya mafuta, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na kushuka kwa thamani ya mazao yetu viliiacha hazina tupu. Mwaka 1988 Serikali ilitangaza sera ya kuchangia gharama za elimu ya juu, nayo ikaanza kutekelezwa kwa awamu katika miaka ya mwanzo ya 1990. Mikopo ikaanza 1994. Sheria ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilitungwa 2004, na Bodi ikaanza kazi Julai 2005.

Sasa tupige hesabu kwa mfano. Tuchukulie kijana amemaliza shahada na deni la shilingi 12,000,000, akapata kazi ya mshahara wa 800,000 kwa mwezi. Kwa makato ya asilimia 8 yaliyokuwapo hapo awali, angelipa 64,000 kwa mwezi, sawa na 768,000 kwa mwaka. Lakini ilikuwapo tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, yaani 720,000. Katika mwaka wa kwanza deni lingepungua kwa 48,000 tu! Mwaka 2016 makato yalipandishwa hadi asilimia 15: kijana huyo akawa analipa 120,000 kwa mwezi, na tozo ikimeza nusu ya malipo yake ya mwaka wa kwanza. Tozo ilifutwa 2021. Bila tozo, deni lile lile huisha kwa miezi 100, yaani miaka minane na miezi minne.

Hesabu hii inaonyesha mambo mawili. Kwanza, masharti ya mkopo yana uzito kuliko ukubwa wa mkopo, na masharti huwekwa na siasa. Pili, mfano wetu umechukulia kwamba kazi imepatikana. Mhitimu wa 1970 alipangiwa kituo. Mhitimu wa leo hushindana na umati kwenye usaili. Huo nao ni mzigo ambao hauandikwi katika mkataba wa mkopo.

Hesabu iliyokamilika

Tumwambie nini kijana? Tusimdanganye. Shahada ya utawala wa umma si njia ya utajiri, na anayetafuta faida peke yake atafute mahali pengine. Hatari kubwa ni yule anayeingia ofisini huku akijiona amejilipia elimu yake mwenyewe. Huyo huamini kwamba hadaiwi na mtu, na mshahara usipotosha atafidia mkopo wake dirishani, kwa mama mjane anayefuata hati ya kiwanja. Shilingi zilizorudishwa kwa Bodi zitakuwa zimelipwa mara ya pili na mnyonge.

Lakini na dola nayo isijifiche nyuma ya mahubiri. Inayomdai kijana shilingi, na juu yake inamdai uadilifu, inapaswa kumpa masharti yanayolipika, ajira inayotolewa kwa haki, na viongozi wanaoishi kwa mishahara yao. Hilo ndilo lililodhihirika Oktoba 1966.

Dawa ya deni ni kulipa. Deni la Bodi lina mwisho. Deni la mkulima aliyejenga shule ya msingi ambamo msomi huyu alijifunza kusoma halimo katika makato yoyote, nalo hulipwa kila siku ofisi inapofunguliwa.