Mtoto njiti, sehemu ya 3: Kifua cha mama kilianza kama mbadala wa mashine

Mama zangu, leo tuangalie tulikotoka. Zamani njiti akizaliwa aliwekwa kwenye mashine ya joto, mzazi akabaki kumchungulia kwenye kioo.

Mwaka 1978, jijini Bogotá, Kolombia, mashine hazikutosha. Watoto walilazwa zaidi ya mmoja kwenye mashine moja, wakaambukizana, wengi wakafa. Daktari Edgar Rey Sanabria akaanza kuwafundisha akina mama kuwabeba kifuani, ngozi kwa ngozi, na kuwanyonyesha. Mama akawa ndiye joto, ndiye chakula.

Wapo walioiona ni tiba ya maskini. Lakini utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, ukatolewa 2021, ulionyesha kuwa kumbeba njiti mapema mara tu anapozaliwa, bila kusubiri atengemae kwanza, kunapunguza vifo kwa robo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri hivyohivyo.

Kwa hiyo ukiambiwa umfunge mwanao kifuani, usidhani hospitali imeishiwa mashine. Hiyo ndiyo tiba yenyewe. Ukichoka, mpe baba. Naye ana kifua.