Butembo, mji uliojengwa kwa maharagwe na ukoo

Rais Mobutu wa Zaire, Kongo ya leo, alipotangaza mwishoni mwa 1973 kwamba biashara za wageni zikabidhiwe Wazaire, katika miji mingi maduka yaliangukia mikononi mwa wakubwa wa chama, na baada ya muda mfupi rafu zikabaki tupu. Katika milima ya Kivu Kaskazini mambo yalikwenda njia nyingine. Wanande wa Butembo walikuwa na mali isiyohitaji sahihi ya Kinshasa: maharagwe, vitunguu, viazi, kabichi. Malori yalipakia mboga hizo, yakashuka Beni, yakapenya msitu wa Ituri hadi Kisangani, ambako walaji walikuwa wengi. Kahawa, na baadaye dhahabu, zilielekea Uganda kupitia Kasindi, mara nyingi bila forodha kupata kitu. Malori yakarudi na vitambaa, sabuni na vipuri.

Mtaji ulitoka wapi? Si benkini. Kijana alitumwa dukani kwa mjomba, akafagia, akabeba magunia, akajifunza bei. Akionekana mwaminifu, alipewa mzigo wa kwanza kwa deni na kuambiwa arudi na fedha baada ya safari. Mwenye mali hakuuliza karatasi; aliuliza mtoto huyu ni wa nani. Asiyelipa aliaibisha ukoo mzima, na aibu ya namna hiyo haina mahakama ya rufaa.

Mtaalamu Janet MacGaffey aliandika kuhusu wafanyabiashara hawa katika kitabu chake cha 1987, mabenki ya ng'ambo yakiwa bado hayajui Butembo ni wapi. Baadaye waagizaji wakubwa, wanaojulikana kama G8, walianza kuleta makontena kutoka Dubai na Guangzhou kupitia Mombasa.

Kanisa nalo lina sehemu yake. Wamisionari Waasumpsioni walifika eneo la Beni mwaka 1929, na Emmanuel Kataliko, askofu wa Butembo-Beni kuanzia 1966 hadi 1997, aliwazoesha watu kuchangia na kushika majembe kutengeneza barabara zao. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianzishwa mwaka 1989. Umeme wa taifa ulipochelewa, wafanyabiashara waliunda kampuni yao wenyewe, SENOKI.

Tusiwapake asali kupita kiasi. Wakati wa vita, kundi la waasi la RCD-ML lenye makao Beni lilikula kodi ambazo wafanyabiashara walizitanguliza ili wapunguziwe ushuru mpakani. Wakubwa walilinda mizigo yao. Mama muuza mboga za lenga-lenga sokoni hakuwa na wa kumtetea mbele ya mtoza kodi.

Kuamini jamaa na kumshuku mtu wa nje kuliinua mji, lakini kuligharimu pia. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina, karibu na Beni, ambako watu walikuwa wakichinjwa na waasi wa ADF tangu 2014 bila kuona msaada wa maana. Ghafla magari ya mashirika ya misaada yakajaa barabarani. Desemba mwaka huo uchaguzi ukaahirishwa Beni na Butembo, sababu ikitajwa kuwa ni Ebola na usalama, na wengi wakaona ugonjwa ni siasa. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Aprili daktari Richard Mouzoko, Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani, aliuawa Butembo. Kilichosaidia kugeuza upepo ni sauti walizozizoea watu: wahudumu wa mtaani, mapadri na wachungaji, waendesha pikipiki, wenye maduka walioweka ndoo za maji ya klorini mlangoni. Ugonjwa ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ukiwa umeua zaidi ya watu 2,200.

Desemba 2021 Kongo na Uganda zilizindua mradi wa barabara unaojumuisha kilomita 80 za Kasindi–Beni na kilomita 54 za Beni–Butembo. Njia hizo ndizo zilezile ambazo malori ya maharagwe na kahawa yalizitumia kwa miaka mingi, yakikwama matopeni, bila lami na bila kuisubiri.